Mbio Zimekwisha: Blanketi Liko Wapi?

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni saa ile inayofuata mbio ndefu, hasa siku za baridi. Kila mtu ajua kumshangilia kijana akimbiapo. Ni wachache wajuao kumtunza akiisha kusimama. Nasi hatukujua, mpaka tulipofundishwa nyumbani mwetu wenyewe, na kidogo tu tungalimpoteza mtu. Ndiyo sababu twaandika.

Ninyi mkaao pwani huenda mkacheka mkisikia twataja baridi ya Kigoma. Ni kweli, hapa hapana theluji. Ziwa Tanganyika liko mita 773 tu juu ya usawa wa bahari, na siku nyingi za mwaka mtu hutoka jasho hata akikaa kivulini. Walakini mvua zikiisha kukatika, miezi ya Juni na Julai, mbingu hubaki wazi, na usiku joto la nchi hupaa pasipo kizuizi. Alfajiri hewa hushuka hata karibu na nyuzi 17, na juu ya vilima vya Kasulu na Buhigwe baridi huzidi. Tena upepo wa kusini huvuma juu ya ziwa lenye urefu wa kilometa zaidi ya 650, wala hapana kilima katikati ya maji cha kuuzuia. Wavuvi wetu waujua sana upepo huo, na siku nyingine huwafanya wavute mitumbwi yao nchi kavu wakangoje. Mtu mkavu, aliyevaa nguo nzima, hausikii sana. Lakini mtu aliyelowa jasho, mwenye fulana nyembamba, ambaye ameacha kukimbia sasa hivi, kwake yeye upepo huo si mchezo.

Saa ya kwanza

Julai ya mwaka uliopita vijana wa mtaani kwetu walifanya mashindano yao. Walianzia Ujiji, wakaishika barabara ya Kigoma, wakaizunguka njia yao mara mbili ili iwe ndefu, wakamalizia ufukweni Kibirizi, karibu na mahali paanikwapo dagaa. Zawadi ilikuwa mbuzi mmoja. Upepo ulikuwa umevuma tangu usiku, na watazamaji tulijikunyata ndani ya makoti.

Mwana wa ndugu yetu, kijana wa miaka 19 tukaaye naye, alifika wa nne. Watu wote walikuwa wamemkimbilia mshindi na mbuzi wake, nasi tukawa miongoni mwao. Kijana wetu akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ameuelekea upepo, fulana imemnata mwilini. Aliyemwona ni mama mmoja mwanika dagaa, ambaye hatukumjua. Akatujia akasema, “Huyu mtoto ni wenu?”

Tukajibu, “Ndiyo, mama, ni wetu.”

“Basi mbona mmemwanika kama dagaa wangu?”

Akakifungua kitenge alichojifunga mabegani, akamfunika kijana. Akamwuliza jina lake, na kijana hakuweza kulitaja sawasawa, maana ulimi ulikuwa mzito na meno yaligongana. Ndipo tulipomwacha mbuzi tukaja mbio.

Tangu siku ile tumetafuta kujua kwa nini mtu mwenye nguvu, aliyekuwa akitoka jasho robo saa iliyopita, aweza kushikwa na baridi kiasi hicho. Sababu ni hii. Mwili hufanya kazi vema joto lake likiwa karibu na nyuzi 37. Mtu akimbiapo, misuli yake ni kama jiko: nguvu kidogo tu ya chakula hugeuka kuwa mwendo, na sehemu iliyo kubwa zaidi hugeuka kuwa joto. Jasho hulitoa joto hilo nje, na mkimbiaji huona raha. Lakini akisimama, jiko huzimika karibu mara moja, na jasho halijui kwamba mbio zimekwisha. Nguo mbichi huendelea kunyonya joto mwilini, na upepo huongeza kazi hiyo. Tena mtu aliyekimbia muda mrefu amekwisha kutumia akiba yake ya sukari, hata kutetemeka kwenyewe, ambako ndiko silaha ya mwili juu ya baridi, humshinda.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hiyo ni hatari. Dalili zake yafaa kila mwalimu azijue: mtu hutetemeka sana, vidole humshinda kufunga kifungo, maneno humtoka kama ya mlevi, huchanganyikiwa, au husema kwamba yeye hajambo kabisa na aachwe alale. Akiacha kutetemeka angali baridi, msifurahi wala msiseme amepona. Huo ni ubaya uliozidi. Mpelekeni hospitali upesi.

Na msaada wenyewe si mgumu. Aliye na akili zake timamu asikae chini ghafla, bali atembee polepole kwa dakika kadhaa, kwa maana damu iliyojaa miguuni, misuli ikiacha kuisukuma, hukawia kurudi kichwani, naye huweza kuzimia. Akizimia, mlazeni mkamwinue miguu. Mwondoeni upepo. Mvueni nguo mbichi, mkaushe, mvike nguo kavu, mkamfunike kichwa pia. Pasheni joto kifua na tumbo kwanza, kwa mablanketi au kwa kumkumbatia; msimsugue mikono na miguu kwa nguvu, wala msimtie katika maji ya moto. Akiweza kumeza vema, apewe chai yenye sukari au uji wa vuguvugu. Asipewe pombe hata kidogo. Watu husema pombe hutia joto, lakini huipanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, na joto la ndani hutoka nje. Mtu husikia moto huku anapoa.

Msidhani kwamba mambo haya huwapata wanyonge tu. Tarehe 16 Aprili 2018 mbio za marathoni za mji wa Boston, Marekani, zilikimbiwa katika mvua kubwa na upepo wa kukabili uso, na hewa ilikuwa nyuzi chache tu juu ya kiwango cha maji kuganda. Wakimbiaji kadhaa wenye sifa duniani waliacha njiani. Geoffrey Kirui wa Kenya, aliyeshinda mwaka wa 2017, alikuwa ametangulia mbele sana. Lakini karibu na mwisho nguvu zilimwishia, na Yuki Kawauchi wa Japani akampita akashinda. Waliotibiwa na madaktari siku ile walikuwa zaidi ya elfu mbili. Walipona kwa kuwa waliandaliwa mahema, mablanketi, na watu wa kuwapokea.

Mahali pasipo na maandalizi hayo mambo huwa mengine. Tarehe 22 Mei 2021, katika milima ya jimbo la Gansu, nchi ya China, watu 172 walianza mbio za kilometa 100. Wengi walivaa nguo fupi na nyembamba. Walipokuwa juu mlimani hali ya hewa iligeuka ghafla, ikaja mvua ya baridi kali, mvua ya mawe na tufani. Watu 21 walikufa, na baadhi yao walikuwa mabingwa wa nchi ile. Siku hiyo mchungaji mmoja wa kondoo, jina lake Zhu Keming, alikuwa amejificha mvua katika pango alilozoea kuweka chakula na nguo zake. Akamwona mkimbiaji amesimama nje hajielewi, akamwingiza pangoni, akawasha moto. Kisha akatoka tena kuwatafuta wengine. Jumla aliokoa roho za watu sita. Hakuwa daktari, wala hakuwa na cheo katika mashindano yale. Alikuwa na moto, nguo kavu, na macho ya kumwona mwenziwe.

Tulipoisoma habari ile tulimkumbuka yule mama wa Kibirizi.

Usiku wa kwanza

Tulimleta kijana nyumbani akiwa amevaa kitenge cha watu. Akaoga maji ya vuguvugu, akanywa uji, rangi ikamrudia usoni. Laiti tungaliishia hapo! Lakini usiku ulipoingia na baridi ikazidi, tuliona huruma, tukamfanyia wema ulio mbaya. Tulilichukua jiko la makaa lililokuwa limekwisha kupikia, makaa yangali mekundu, tukaliingiza katika chumba chake, tukafunga dirisha na mlango ili joto lisitoke.

Mama yetu mzazi, ambaye ndiye bibi yake kijana, ana desturi ya kumtembelea mgonjwa kabla ya kulala. Akausukuma mlango, akamkuta kijana ameketi, ameshika kichwa kwa mikono miwili, asema kinamwuma na chumba chazunguka. Bibi hakuuliza neno. Alilibeba jiko kwa tambara akalitupa uani, akafungua dirisha na mlango, akamtoa mjukuu wake nje penye hewa. Kisha akatugeukia akatuambia, “Wanangu, mwataka kumpasha moto au mwataka kumzika?”

Wasomaji wetu, lishikeni neno hili kuliko yote tuliyoandika. Makaa yawakayo hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Mtu akiivuta, huishika damu mahali pa hewa safi, na damu haiwezi tena kuupeleka uzima kwenye ubongo na moyo. Huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Kisha huja usingizi, na wengi walioshikwa na usingizi huo hawakuamka. Haifai kusema, “Makaa haya hayana moshi, hayana neno.” Hayo yasiyo na moshi ndiyo yadanganyayo watu. Jiko likae nje. Mtu apashwe joto kwa blanketi, kwa soksi, kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa vema na kuviringishwa nguo, na kwa ndugu wa kulala karibu naye.

Baada ya joto, chakula. Sisi watu wa Ujiji hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa mtu aliyeponywa na chakula na mapumziko. Oktoba 1871 Daktari Livingstone alifika hapa kutoka Manyema, amekonda, mgonjwa wa tumbo, akakuta mali aliyoletewa imekwisha kuuzwa. Baada ya majuma machache Stanley aliwasili kutoka Bagamoyo na wapagazi wake, na mizigo yao ilikuwa na chakula na dawa. Livingstone akaanza kula mara nne kwa siku, na nguvu zikamrudia hata kabla ya mwaka kwisha waliweza kusafiri pamoja kwa mtumbwi mpaka kaskazini ya ziwa, wakaona kwamba mto Rusizi huingia ziwani, wala hautoki. Twajua pia kwamba wapagazi wale walikuwa wamekwenda mwendo wa zaidi ya kilometa 1,200 na mizigo vichwani, nao walihitaji mapumziko yale yale, ingawa vitabu havikuyaandika sana.

Mkimbiaji naye ni msafiri aliyefika na ghala tupu. Sukari iwekwayo katika misuli na ini imetumika, na kuijaza huchukua siku moja au mbili za kula vizuri. Katika saa moja au mbili za kwanza yafaa apate kitu chepesi: uji, ndizi mbivu, chai na kiazi. Baadaye ugali au wali, pamoja na chakula cha kujenga mwili. Hapa kwetu tuna maharage, karanga, mayai, migebuka, na dagaa ambao ni wadogo kwa umbo na wakubwa kwa faida. Hapana haja ya kununua unga wa mikebe wenye picha za watu wenye misuli.

Juu ya maji watu hukosa kwa pande mbili. Siku za baridi wengine hawanywi, kwa kuwa hawasikii kiu upesi, nao husahau kwamba wametoka jasho. Wengine hunywa kupita kiasi kwa hofu. Mwaka 2002 huko Boston madaktari walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni, wakaona kwamba 13 katika kila 100 walikuwa na chumvi pungufu katika damu, na sababu kubwa ni maji mengi waliyokunywa njiani. Upungufu huo ukizidi, ubongo huvimba, na mtu hufa. Basi anywe afuatavyo kiu, polepole, na mchuzi wenye chumvi kidogo umsaidie. Mkojo ukiwa wa rangi hafifu ya manjano, ni dalili njema. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, aende hospitali bila kukawia, kwa maana huenda misuli iliyoharibika yaziumiza figo.

Kwa ajili ya figo hizo hizo, msimpe vidonge vya maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni saa za kwanza, angali na upungufu wa maji. Twajua vidonge hivyo huuzwa kila duka, na jirani mwema huvitoa mfukoni kama pipi. Mwambieni ahsante, mkaviweke kando.

Siku ya tatu

Siku ya pili kijana aliamka akitembea kama mzee, na kushuka ngazi kulimtoa machozi. Hilo halikututisha, wala lisiwatishe ninyi. Nyuzi ndogo za misuli zimechanika kidogo kidogo, hasa kwa kushuka vilima, na mwili unazitengeneza. Maumivu hayo huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua yenyewe. Kutembea polepole husaidia. Kulala kitandani mchana kutwa hakusaidii. Na kukandwa kwa nguvu huumiza zaidi.

Siku ya tatu jioni alianza kutetemeka tena. Tukamgusa, mwili u moto. Tukaambiana, “Ni baridi ya ufukweni, haijamtoka,” na mwingine akasema, “Ni uchovu wa mbio, alale.” Tukamfunika mablanketi mawili, tukaona tumefanya kazi yetu.

Usiku ule ule alipita jirani yetu, mwalimu mstaafu, aliyekuja kumpa kijana pole. Alisimama mlangoni, akamsikiliza, akatuuliza, “Mmempima damu?” Tukamjibu, “Mwalimu, huyu alikimbia juzi, ni uchovu tu.” Mzee akasema maneno ambayo tumeyaandika ukutani: “Uchovu huumiza miguu. Hauchemshi damu.”

Tulikwenda. Kidole kilichomwa, na baada ya dakika chache jibu likaonekana: malaria. Alipewa dawa mseto ya siku tatu, akaimaliza yote, akapona. Mganga alituambia kwamba kama tungalingoja siku mbili nyingine, asingeweza kutuahidi neno.

Yafaa jambo hili lieleweke vizuri. Mbio hazikumletea malaria, wala baridi haikumletea. Mbu aambukizaye alikuwa amemwuma kabla ya mashindano, kwa sababu tangu kuumwa mpaka homa kuanza hupita kwa kawaida juma moja au zaidi. Lakini mbio zilituziba macho. Tulikuwa na maelezo tayari, na mwenye maelezo tayari haulizi tena. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi katika Tanzania. Kwa hiyo homa yo yote, hata ikija asubuhi baada ya mbio, hata wakati wa kipupwe mbu wapunguapo, ipimwe siku ile ile. Na chandarua kisikunjwe kwa kuwa baridi imeingia.

Na mafua je? Wazee wetu walisema mafua ni baridi iliyoingia mwilini. Sasa yajulikana kwamba huletwa na virusi, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo hupita kwa pumzi na mikono. Siku za baridi watu hujifungia pamoja katika chumba kimoja, na hewa ya mmoja huwa ya wote. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani mbio ndefu hupunguza kinga ya mwili, lakini hapana abishaye kwamba usingizi, chakula na kunawa mikono humfaa mkimbiaji.

Makocha wengi hufuata kanuni nyepesi: ugonjwa ukiwa juu ya shingo tu, yaani kamasi na chafya, mtu aweza kutembea au kukimbia polepole akijisikia nafuu, ukishuka chini ya shingo, yaani kikohozi cha kifuani, kuumwa mwili mzima, au homa, asikimbie kabisa. Kanuni hii si ya uvivu. Virusi vingine huweza kuingia katika msuli wa moyo, na kukimbia wakati huo huweza kuusimamisha moyo wa kijana asiye na dosari nyingine. Mwenye maumivu ya kifua, pumzi fupi, au makohozi ya kutu na homa, yeye aende hospitali, kwa maana huenda ni kichomi.

Majuma yanayofuata

Kijana wetu alipopona alitaka kurudi barabarani kesho yake. Vijana huona aibu kupumzika. Hudhani kwamba nguvu hupatikana katika kukimbia tu. Kumbe katika kukimbia mwili huvunjwa, na katika kupumzika ndipo hujengwa, ukawa imara kuliko kwanza. Asiyepumzika huvunja juu ya kilichovunjika.

Tulimpa mfano wa Alphonce Simbu, Mtanzania mwenzetu. Aprili 2025 alikuwa wa pili katika marathoni ya Boston. Kisha hakurukia kila mashindano yaliyotangazwa. Karibu miezi mitano baadaye, tarehe 15 Septemba 2025, alikimbia marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walifika kwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, hata ikabidi picha itazamwe ili mshindi ajulikane. Naye ni Simbu, Mtanzania wa kwanza kupata medali ya dhahabu katika mashindano hayo ya dunia. Kilometa 42 na mita 195, na tofauti ni kifua tu! Nani atasema kwamba siku alizopumzika hazikuwamo katika tofauti hiyo?

Basi baada ya mbio ndefu mtu atembee siku za kwanza. Akae juma moja au mawili bila kukimbia kwa nguvu. Na aliyeugua homa angoje mpaka homa iishe kabisa, ale vizuri, alale vizuri, kisha aanze kwa kidogo. Akiona moyo wapiga mbio asubuhi angali kitandani, au usingizi hauji, au hasira zake zimekuwa karibu, mwili wamwambia bado.

Neno la mwisho ni kwetu sisi tusiokimbia. Wengi wenu mwamjua John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico, alianguka katikati ya marathoni akaumia goti. Walakini akaendelea, na mguu umefungwa bendeji, akaingia kiwanjani wa mwisho katika watu 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Giza lilikuwa limeingia na watu wengi wamekwenda zao. Sifa zake zimesemwa sana, nazo ni haki yake. Lakini sisi huwafikiri pia wale wachache waliokuwa wangalipo, waliosimama wakampigia makofi. Kama wote wangaliondoka na mshindi, nani angalimpokea?

Katika mashindano yetu ya Kibirizi, wa mwisho walifika mbuzi amekwisha kuchukuliwa na watu wametawanyika. Hatujui nani aliwafunika, wala kama walifunikwa. Kwa hiyo nyumba yetu imekata shauri. Kipupwe kijacho, siku ya mbio, tutakwenda ufukweni na mablanketi manne, taulo, chupa mbili za chai ya tangawizi yenye sukari, na sufuria ya uji. Wala hatutaondoka mpaka wa mwisho amefika na kuhesabiwa. Mwalimu atakayefanya hivyo shuleni kwake hatahitaji fedha nyingi. Atahitaji kuorodhesha majina ya waliotoka, na kukaa na orodha hiyo mpaka majina yote yamerudi.

Juma lile kijana alipopona tulikifua kile kitenge, tukakipiga pasi, tukamfungia yule mama kuku mmoja, tukashuka Kibirizi pamoja na kijana mwenyewe. Tulimkuta akigeuza dagaa zake juani. Tukaanza kutoa maneno ya shukrani tuliyoyapanga njiani. Hakutusikiliza. Alimtazama kijana kutoka miguuni mpaka kichwani, akamwuliza, “Jina lako nani, mwanangu?”

Kijana akalitaja, safari hii kwa sauti safi. Mama akatikisa kichwa, akakipokea kitenge chake, akajifunga mabegani. Upepo ulikuwa ungali ukivuma.